Ndege za Mezani na Roho za Marubani

Katika lugha yetu tuna neno tiara, nalo ni jina la kile chombo cha karatasi na njiti ambacho watoto wa pwani hukirusha siku za upepo, wengine wakiupaka uzi wake gundi iliyochanganywa na chupa iliyopondwa ili upate kuukata uzi wa mwenzao; na kwa Waarabu, ambao neno hili limetoka kwao, tayara ni ndege yenyewe, yenye injini na rubani ndani yake. Nililikumbuka neno hilo mwezi uliopita, mpwa wangu alipokuja kututazama kutoka Ulaya anakofanya kazi, akatandika juu ya meza ya barazani kitambaa kilichochorwa mashamba, mito na mahandaki ya Ubelgiji kama yaonekanavyo na mtu aliye mawinguni, akaweka juu yake vindege viwili, kimoja changu na kimoja chake, akaniambia, "Mjomba, katika bao umenifunga miaka yote, leo twende angani." Tulicheza hata adhana ya magharibi, na tangu siku hiyo nina neno la kusema juu ya michezo ya namna hii, kwa sababu nimewasikia wanaoidharau kuwa ni mambo ya watoto, na wanaoichukia kuwa ni kuchezea damu, nami naona makundi yote mawili hayajaitazama kwa insafu.

Mchezo ule unaitwa Wings of Glory. Waliouasisi ni Waitalia wawili, Andrea Angiolino na Pier Giorgio Paglia, nao ulitoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa jina la Wings of War, ukiwa ni wa karata tupu. Vindege vikaja miaka michache baadaye, na tangu mwaka 2012 umekuwa ukitolewa na kampuni ya Ares Games kwa jina ulilo nalo sasa. Vindege vya vita vikuu vya kwanza vimetengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 144, hata ile Fokker mashuhuri yenye mabawa matatu haizidi sentimita 5 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na hukaa juu ya kijiti kinachoongezwa pingili juu ya pingili ili kuonyesha kimo chake. Kila ndege ina bunda lake la karata, na kila karata ina mshale, ama ulionyooka, ama uliopinda kidogo, ama uliopinda sana. Ndege yenye mbio ina mishale mirefu, na iliyo nyepesi kugeuka ina mishale iliyojikunja. Mchezaji huchagua karata tatu, huzipanga kifudifudi mbele yake pasina mwenzake kuziona, kisha wote kwa pamoja hufunua ya kwanza, husogeza ndege zao kwa kuufuata mshale, hupima kwa ufito kama adui yumo katika shabaha, ndipo wafunue ya pili, na baadaye ya tatu. Aliyepigwa huvuta karata ya hasara, huiangalia peke yake na kuificha. Adui yake hajui kama amekwaruza kitambaa cha bawa au amevunja moyo wa injini.

Mimi ni mtu wa bao. Katika bao la Kiswahili mashimo ni 32 na kete ni 64, wala hakuna kete hata moja iliyofichwa, kwa hiyo mwenye macho na hisabu huweza kuufuata mtaji wake kwa fikira hata aone utalala wapi, na aliyeshindwa hushindwa kwa kuwa hakuhesabu vema, asiwe na wa kumlaumu. Katika mchezo wa ndege hisabu hiyo haikunifaa, kwa maana kinachotakiwa kuhesabiwa ni moyo wa mtu aliyeketi mbele yako, ambaye wakati ule ule anauhesabu wako. Nilimwona mpwa wangu yuko mbele yangu, upande wa kushoto kidogo. Nikadhani atazidi kugeukia kushoto ili anikimbie, nikapanga mshale ulionyooka, na wa pili ulionyooka, na wa tatu uliopinda kushoto, nikiwa na yakini kwamba huo wa tatu utanifikisha mgongoni pake. Yeye alikwisha kukisia kwamba nitadhani hivyo, akapanga kugeukia kulia, kuja kwangu. Tulipofunua karata ya pili ndege zetu zilikuwa zimepandiana, na kwa sharti la mchezo huko ndiko kugongana: kila mmoja wetu akavuta karata ya hasara ilhali risasi hata moja haijapigwa.

Nilipotaka kulalamika kwamba sharti hilo ni la uonevu, mpwa wangu alinisimulia habari za Oswald Boelcke. Huyu alikuwa rubani wa Kijerumani aliyeifanya kazi ya kupigana angani kuwa elimu yenye kanuni zake, na mwaka 1916 akawawekea vijana aliowaongoza mafunzo manane, ambayo hata leo mtu akiyafuata mezani atafaulu: jua liwe mgongoni mwako, usifyatue risasi ila umkaribie adui, usimpoteze machoni, umjie kwa nyuma, akikushukia usimkimbie, mgeukie umkabili. Alikuwa amekwisha kuangusha ndege 40. Siku ya 28 Oktoba 1916, yeye na rafiki yake Erwin Böhme wakiwa katika kuziwinda ndege za Kiingereza, kila mmoja macho yake yakiwa juu ya adui, magurudumu ya ndege ya Böhme yaligusa bawa la juu la ndege ya Boelcke, bawa likaharibika hewani, na mwalimu yule akaanguka akafa pasipo kupigwa na mtu. Baada ya kuyasikia hayo sikulalamika tena, kwa kuwa nilitambua kwamba karata ile ya kugongana imetungwa na watu waliosoma kwa makini jinsi marubani walivyokufa.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima zake, ambaye aliketi nasi akinywa kahawa na kututazama, hakupendezwa. Alisema kwamba vita ni msiba, na msiba hautandikwi juu ya meza pamoja na kashata. Neno lake lilinishughulisha usiku ule, na sikulipuuza, kwa sababu limetoka katika huruma. Walakini, bao letu lenyewe limejaa lugha ya vita: tunateka, tunakula, tunailinda nyumba isivunjwe, na sataranji ina mfalme wake na askari wake wa miguu wanaotangulia kufa. Babu zetu walicheza ngoma ya beni katika miji ya pwani kwa gwaride, vyeo na mavazi ya kijeshi, na huko Tanga na Dar es Salaam Marini wakashindana na Arinoti kana kwamba kila chama ni jeshi lenye taifa lake, katika miaka ambayo wengi wao walikuwa wameiona vita kwa macho yao, wakabeba mizigo yake kwa vichwa vyao na kuwazika ndugu zao njiani. Binadamu tangu kale hukichukua kile kilichomtisha, akakiweka mahali pa mchezo, apate kukitazama bila ya kukimbia.

Hata hivyo katika neno la mzee yule iko haki ambayo sikuweza kuikwepa, nayo ndiyo iliyonipa msimamo wangu. Mchezo wa vita ni halali machoni pangu maadamu mauti yamebaki kuwa mauti ndani yake, na maadamu mchezaji anajua kwamba ndani ya kile kipande cha plastiki cha sentimita 5 palikuwa na mtu. Mchezo ukiliondoa hilo, ukabakiza rangi nzuri, mbio na ushindi, basi mimi ni wa kwanza kusema kwamba meza ikunjwe.

Chukua karata ya moto. Katika bunda la karata za hasara zimo chache zenye picha ya miali, na mchezaji aliyeivuta mojawapo hulazimika kuvuta hasara nyingine kwa zamu zinazofuata, hata pale ambapo hakuna adui aliye karibu naye. Kwa mchezaji hilo ni jambo la hisabu: nimebakiwa na nguvu kiasi gani, nitafika ng'ambo ya mstari wangu au sitafika? Lakini ndege za wakati ule zilikuwa za mbao na kitambaa kilichopakwa dawa inayoshika moto upesi, tangi la petroli likiwa karibu na mwili wa rubani, na marubani wa Kiingereza hawakupewa miavuli ya kujiokolea mpaka vita vikaisha, ilhali Wajerumani walianza kuipata mwaka 1918. Edward Mannock, mmoja wa marubani mashuhuri wa Uingereza, aliuogopa moto kuliko risasi, akawa akipanda ndegeni na bastola, naye aliwaambia wenziwe kwamba haikuwa kwa ajili ya adui. Siku ya 26 Julai 1918 ndege yake ilipigwa kutoka ardhini, ikashika moto, ikaanguka. Mtu akiijua habari hiyo hawezi tena kuivuta ile karata kwa kicheko. Na mimi nasema kwamba karata iliyomnyamazisha mchezaji kwa muda wa kuvuta pumzi moja imemfanyia wema.

Jioni ya pili vijana wawili wa jirani walijiunga nasi, na mpwa wangu akatupangia pambano linalopendwa sana na wachezaji wa mchezo huu, lile la jioni ya 23 Septemba 1917 katika anga ya Ubelgiji, karibu na Ieper. Siku hiyo Werner Voss, Mjerumani mwenye umri wa miaka 20 aliyekwisha kuangusha ndege 48, akiwa peke yake katika Fokker mpya ya mabawa matatu, alikutana na ndege za SE5a za kikosi cha 56 cha Waingereza, zisizopungua sita, zikiongozwa na James McCudden, na miongoni mwa marubani wake alikuwamo kijana Arthur Rhys Davids. Kilikuwa kikosi cha watu mahiri, si wanafunzi. Pambano lilichukua kiasi cha dakika kumi, na katika dakika hizo Voss alizitoboa kwa risasi karibu ndege zote zilizomzunguka, akigeuka pale walipodhani kwamba ndege haiwezi kugeuka, akiponyoka huku na kutokea kule, mpaka hatimaye Rhys Davids alipompata kwa nyuma. McCudden aliandika baadaye kwamba hakuwahi kumwona rubani wa Kijerumani aliye shujaa kuliko huyo, na kwamba usiku ule Rhys Davids, walipokuwa wakimpongeza, alisikitika kwamba hakuweza kumteremsha akiwa hai.

Walioandika habari za Voss wameuliza tangu siku zile: kwa nini hakuondoka? Ndege yake ilipanda juu upesi kuliko zao, na inasemekana zilimjia nafasi za kutoka. Nilipewa mimi Fokker ile, na vijana watatu wakawa Waingereza. Zamu ya kwanza na ya pili nilifurahi mno, kwa kuwa karata zangu zilipinda kuliko zao, nao walikuwa wakinipita kwa mbio zao kama jahazi linalopitiliza bandari. Kisha nikaanza kuona kwamba kila nikimkwepa mmoja nampa mgongo mwingine. Katika zamu ya tano njia ilikuwa wazi upande wa mashariki, karata tatu za kunyooka zingenitoa mezani nikiwa mzima, na mpwa wangu, ingawa alikuwa adui yangu, alinitazama kwa macho ya kuniambia toka. Sikutoka. Mbele yangu kidogo ilikuwapo ndege moja iliyojeruhiwa, imebakiza kidogo tu kuingia katika ufito wangu, nami nikajiambia nimpige huyu mmoja kisha nitaondoka; nikapanga kugeuka, na walipofunua karata zao wote watatu walikuwa wamekwisha kunisubiri pale nilipofikia. Siwezi kudai kwamba nimejua kilichokuwa moyoni mwa Voss, lakini sasa nakijua kilichokuwa moyoni mwangu, na vitabu vingi vya vita nilivyovisoma katika umri wangu havikunifundisha jinsi tamaa ndogo, ya mara moja tu, inavyoweza kuvaa nguo ya ushujaa.

Hilo ndilo fungu la heri la michezo hii, na ndilo ninaloogopa lisipotee. Wako waliolilinda vizuri. Mmarekani Mike Carr alitunga katika miaka ya 1960 mchezo uitwao Fight in the Skies, ambao mwaka 1982 ulichapishwa upya kwa jina la Dawn Patrol, nao ulichezwa katika mkutano wa wachezaji uitwao Gen Con tangu mkutano wa kwanza mwaka 1968 na kuendelea kwa miongo mingi. Katika mchezo huo mtu hana ndege tu, ana rubani, mwenye jina na daftari lake. Kila safari aliyorudi salama huandikwa, kila adui aliyemwangusha huandikwa, na kadiri anavyodumu ndivyo anavyozidi ustadi. Rubani huyo akifa, daftari hufungwa. Huwezi kumfufua kwa kuwa umemzoea. Unaanza na mwingine, mgeni, asiyejua kitu. Wako wachezaji waliokaa na rubani mmoja kwa miaka, na nasadiki kwamba watu hao hawachezi kwa ghururi, kwa sababu aliye na kitu cha kupoteza hujifunza kuondoka mapema.

Mchezo wa Blood Red Skies, uliotungwa na Andy Chambers na kutolewa na Warlord Games mwaka 2018 kwa ajili ya vita vikuu vya pili, umechukua njia nyingine ambayo naisifu kwa akili yake. Badala ya kuhesabu futi za kimo, kila kindege hukaa juu ya kiti kinachoinama: pua ikiwa juu, ndege hiyo ina fursa, ikiwa sawa, haina fursa wala nakisi, pua ikiwa chini, imeelemewa na yaweza kupigwa na aliye juu yake. Ukiitazama meza nzima unajua papo hapo nani yuko hatarini. Na upande uliopata hasara na hofu nyingi kuliko idadi ya ndege zake huacha vita na kurudi nyumbani, jambo ambalo ni kweli tupu, kwa kuwa mapambano mengi ya angani yalikwisha kwa watu kuondoka. Ila rubani katika mchezo huo ni nambari juu ya kiti, na mashindano yake yanawavuta watu kwenye mbio za kumaliza upesi na kuanza upya. Kadhalika ule mchezo wa vyombo vya nyota wa X-Wing, uliotoka mwaka 2012, ambao ulirithi kutoka kwa wale Waitalia fikira ya kupanga mwendo kwa siri na kufunua kwa pamoja: umewafikia watu wengi kuliko mama yake, nao ni mzuri kama mchezo, lakini hauna kaburi la mtu yeyote nyuma yake, na vijana waliozoea huo kwanza huja kwenye ndege za kweli na mkono mwepesi.

Iko lawama nyingine, na hii nailekeza hata kwa mchezo ninaoupenda. Sanduku la kwanza la mwaka 2004 lilipewa jina la mabingwa mashuhuri, na hadi leo vindege huuzwa kwa rangi na majina ya mabingwa: Richthofen wa Ujerumani na ndege yake nyekundu, Voss, Guynemer wa Ufaransa, Baracca wa Italia. Fahari hii naifahamu. Lakini vita vya angani havikuwa vya mabingwa kupigana na mabingwa. Katika mwezi wa Aprili 1917, ambao Waingereza wenyewe waliuita Aprili ya Damu, walipoteza kiasi cha ndege 245. Watu 211 waliuawa au hawakuonekana tena, na 108 walitekwa, ilhali Wajerumani walipoteza ndege 66. Richthofen peke yake aliangusha 21 katika mwezi huo. Sasa jiulize, msomaji, waliokuwa ndani ya ndege hizo 21 walikuwa nani? Aghalabu walikuwa vijana walioletwa mstari wa mbele na saa chache za mafunzo, wakiendesha ndege za kupiga picha, za viti viwili, nzito, zilizopitwa na wakati, wakitumwa kupita juu ya mahandaki mchana kweupe kwa sababu majeshi ya chini yalizihitaji picha zile kwa ajili ya vita vya Arras. Bingwa hakupata kuwa bingwa ila kwa hesabu ya watu kama hao, na mchezo unaomtia bingwa mkononi mwa kila mchezaji huificha nusu ya pili ya daftari. Natamani kila sanduku liwe na angalau karata moja ya rubani asiye na jina kubwa, aliyefika kikosini juzi, na mchezaji alazimike kumrudisha nyumbani akiwa mzima na picha zake. Huo ungekuwa ushindi mgumu kuliko kuangusha ndege tatu.

Pwani yetu nayo ina uzi wake katika habari hii, ingawa mwembamba. Mwaka 1915 Waingereza waliweka ndege zao katika kisiwa cha Mafia ili zipate kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, na mwezi wa Julai ndege hizo zikawa macho ya mizinga iliyoiangamiza. Haikuwako ndege ya Kijerumani ya kuja kupambana nazo, kwa hiyo Rufiji haina pambano la angani la kuwapa watunzi wa michezo hii. Lakini manowari iliweza kuipiga mojawapo, na watu wake wawili walianguka mtoni wakaokolewa. Katika vita vya pili, Roald Dahl, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa hadithi zake za watoto, alikuwa kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam; akaenda Nairobi mwaka 1939 kujifunza urubani, na tarehe 20 Aprili 1941 alikuwa juu ya mji wa Athens katika Hurricane, mmoja wa marubani wachache mno mbele ya makundi makubwa ya ndege za Kijerumani. Siku hiyo aliuawa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuwa miongoni mwa marubani hodari kabisa wa upande wa Waingereza. Dahl alipona. Katika kitabu chake Going Solo, kilichotoka mwaka 1986, anasema kwamba miongoni mwa vijana 16 waliojifunza pamoja Nairobi, 13 waliuawa angani katika miaka miwili iliyofuata. Mtu akitaka kuucheza mchezo wa Athens, na amwambie mwenzake hesabu hiyo kabla ya kufunua karata ya kwanza.

Mpwa wangu amekwisha kurudi Ulaya, na sanduku lake ameniachia. Vijana wa jirani huja siku za Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na mzee wangu mwenye kahawa naye huja, huketi, hutazama, na juma lililopita aliuliza ndege ya kijani ni ya nani. Nimeweka sharti moja katika baraza yangu: anayechukua kindege kwanza husoma jina lililo katika karata yake, kisha huniambia rubani yule alikuwa na umri gani na alikufa lini, nami nimenunua daftari la kuandikia. Ninawaomba wote wenye michezo ya namna hii majumbani, na walimu watakaopenda kuileta mbele ya wanafunzi wao, wafanye hivyo hivyo, kwani haichukui zaidi ya dakika tano na haimnyimi mtu furaha ya mchezo.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una majina matatu ya jioni ile moja ya Ubelgiji. Werner Voss, miaka 20, hana kaburi la peke yake lijulikanalo. James McCudden, miaka 23, alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 9 Julai 1918. Arthur Rhys Davids, yule aliyesikitika kwamba hakumteremsha Voss akiwa hai, aliuawa tarehe 27 Oktoba 1917, mwezi mmoja na siku nne baada ya ushindi wake, akiwa na miaka 20; jina lake limechongwa katika ukumbusho wa Arras, pamoja na la Mannock, miongoni mwa marubani ambao makaburi yao hayajulikani.